Mtoto wa Ishirini

Nilikuwa nimebakiza mtoto mmoja. Kumi na tisa walikuwa tayari kwenye logibuku, daftari langu la mafunzo ya ukunga, kila mmoja na mstari wake: tarehe, namba ya mama, uzito wa mtoto, saini ya mkunga aliyenisimamia, muhuri wa wodi. Mstari wa ishirini ulikuwa mtupu, na bila mstari huo hakuna mtihani wa mwisho. Chuo hakikuwa na utani katika hilo. Dada mmoja aliyenitangulia darasa alikwama kwenye kumi na nane, akarudia mwaka mzima, akawa anakaa nyuma ya darasa letu na kila mtu anamwonea huruma. Mimi sikutaka huruma ya mtu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, na logibuku zilitakiwa chuoni Jumatatu asubuhi. Asiyejua ataniuliza unakosaje mtoto mmoja katika hospitali kubwa ya Arusha, ambako akina mama wanajifungua kila siku. Unamkosa vizuri tu. Vyuo vitatu vinaleta wanafunzi wao wodi hiyohiyo, kila mwanafunzi na logibuku yake kwapani, na mama mmoja akiingia getini ameshika kiuno wanamkimbilia watano. Mwezi wa saba ukifika, ule mwezi ambao Meru haionekani kwa wingu na sisi tunavaa sweta mbili, wanaongezeka wageni: wanafunzi wa udaktari kutoka nje, waliokuja kujifunza kwetu. Hao hawakimbilii mama yeyote. Wanaletewa.

Mkuu wa leba, yaani chumba cha kuzalia, alikuwa mama mmoja wa Kichaga, mnene kidogo, mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni. Nilimwita Mama, na si kwa adabu tu. Nilikuwa nikiishi kwake Sekei tangu mwaka wa pili. Kwetu ni juu, upande wa magharibi wa mlima, na mtu hawezi kushuka kutoka kule akawahi zamu ya asubuhi. Shangazi yangu alisali naye usharika mmoja. Shangazi akasema neno, Mama akasema aje. Nikalala chumba kimoja na binti yake, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na anatafuta chuo. Kila mmoja alivaa viatu vya mwenzake bila kuomba, na Mama alikuwa akitufokea sote wawili kwa pamoja bila kubagua. Nilipenda kufokewa vile. Nilijiona wa nyumbani.

Mama ndiye aliyenifundisha mikono. Mtoto wangu wa kwanza kabisa tulimpokea pamoja, kiganja chake juu ya changu. Aliniambia nisivute, nimpokee tu, njia anaijua mwenyewe. Mpaka leo nikisimama mbele ya mama anayejifungua nausikia uzito wa kile kiganja, na ninachukia kwamba nausikia.

Leba yake ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ubaoni. Ukutani palikuwa na ubao mweupe wenye namba za vitanda, na mwanafunzi aliyempokea mama mlangoni aliandika herufi za jina lake mbele ya kitanda. Tangu hapo yule alikuwa mama wako. Wewe ndiye unayempima, unayemsugua mgongo, unayejaza chati yake, na wewe ndiye unayempokea mtoto. Ukienda kunywa chai mama akajifungua, shauri yako, lakini hakuna anayekufutia jina. Hata daktari hakugusa ule ubao. Sheria ya pili ilikuwa kwamba huandiki usichokifanya. Mwanafunzi mmoja wa chuo kingine aliwahi kuandika uzalishaji alioutazama tu akiwa amesimama mlangoni. Mama alichukua logibuku yake, akauchana ule ukurasa mbele yetu, akaukunja vizuri na kumrudishia. Yule kijana alilia, na sisi tulitoka pale tunamwogopa Mama na kumpenda zaidi.

Sasa wageni. Mwaka ule walikuja watatu, wamevaa sare za rangi ya bahari na vichupa vya dawa ya mikono vinaning'inia kiunoni. Kabla hawajajua choo kiko wapi, wodi nzima ilishawaita daktari. Ndivyo tulivyo, mtu akiwa mweupe na amevaa koti hatuna maswali. Wawili walikaa peke yao na simu zao. Wa tatu, msichana, alinifuata mimi.

Nitasema kweli, nilimpenda. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa pili wa udaktari kwao. Aliniambia kwao haruhusiwi hata kumpima mgonjwa joto bila mtu kumsimamia begani, wakati hapa siku ya tatu walishampa glavu. Alicheka alipokuwa akisema hivyo, nami nikacheka. Nilimfundisha kupapasa tumbo na kujua kichwa kiko wapi na mgongo uko wapi. Nilimfundisha kuitikia marahaba mtu mdogo akimwamkia, maana alikuwa anajibu asante. Jumapili moja nilimpandisha nyumbani, na bibi yangu, ambaye hapendi wageni wala wenyeji, alimpa maziwa ya mgando kwenye kibuyu na kumshika nywele kama anakagua kondoo. Tulipokuwa tunashuka aliniambia kwamba kabla hajaondoka angependa ampokee japo mtoto mmoja kwa mikono yake. Nikamwambia Mungu akipenda. Kwetu ukisema hivyo umesema hapana kwa heshima. Yeye huenda alisikia ndiyo.

Ijumaa ile nilifika leba saa moja kamili. Saa mbili kasoro akaingia mama mmoja kutoka Nduruma, mimba ya kwanza, kijana kuliko mimi. Alikuwa amejifunga shuka juu ya gauni, na mkononi ana beseni la vifaa vyake: glavu, pamba, mpira wa kutandika, khanga mbili mpya. Wenzangu walimzunguka wakimsemesha Kiswahili cha harakaharaka, naye anatazama sakafu. Nikapenya. Nikamsalimia kwa Kimaa, takwenya, akainua uso kabla hajajibu, akasema iko, kisha akanishika mkono na hakuuachia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia nyanya na kuulizia bei, hakikutosha kusemea maumivu. Mimi Kimaa nimenyonya nacho. Wenzangu wakatawanyika wakinung'unika, mmoja akasema leo nimeokota. Nikaandika herufi zangu ubaoni, kitanda namba tatu.

Nilipokuwa namtandikia ule mpira aliniuliza kama ni mimi nitakayemzalisha. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nitakuwa peke yangu. Jirani yake alijifungulia hospitali mwaka uliopita, watu wakajaa miguuni pa kitanda wanamtazama kama mnada wa ng'ombe, na tangu siku ile yule jirani anasema bora afie nyumbani. Yeye mume wake ndiye aliyemlazimisha kuja. Alikuwa anaongea huku anaikunja pembe ya khanga na kuikunjua.

"Tutakuwepo mimi na mama yule mwenye miwani," nilimwambia. "Mikono itakayompokea mtoto wako ni hii."

Nilimwonyesha mikono yangu. Sikuwa nimeambiwa niahidi, wala mafunzo hayasemi uahidi. Niliahidi kwa sababu niliamini ubao.

Tulikaa naye siku nzima. Tulitembea kwenye korido ndefu inayotazama mabati ya mtaa wa Levolosi, tunageuka mwisho na kurudi. Nilimnunulia chai ya maziwa, akanywa nusu. Kila nusu saa nilimsikiliza mtoto, na mapigo yalikuwa mazuri, nikaandika kwenye chati kwa mwandiko wangu bora kabisa, maana ukurasa ule ungekaguliwa. Uchungu ukimkamata aliniegemea begani, akauma shuka lake, hakutoa sauti. Nilimwambia kwamba siku hizi mtu anaruhusiwa kupiga kelele. Akasema mama yake hakupiga.

Saa sita Mama alipita, akasimama, akasoma chati yangu yote kutoka juu hadi chini. Akatazama ubao. Akaniambia, "Ishirini hiyo, mwanangu." Akanigonga kidogo mgongoni kwa ile kalamu yake na kwenda zake. Kwa hiyo alijua. Hilo nataka lieleweke kabla sijaendelea. Alijua ni wa ishirini, alijua Jumatatu ni lini, kwa sababu ile karatasi ya tarehe ya chuo aliibandika mwenyewe kwenye mlango wa jokofu nyumbani.

Saa nane na nusu nilimpima, njia ilikuwa imefunguka sentimita nane. Mimba ya kwanza, sentimita nane, bado kuna kazi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nikamwambia yule mama kwamba uchungu utakaofuata utakuwa mkali, na hata akisikia hamu ya kusukuma asisukume mpaka nimwambie mimi. Alinirudishia maneno yangu ili ahakikishe: nisisukume mpaka wewe useme. Nikasema hivyohivyo.

Ndipo Mama akanipa damu ya mgonjwa wa kitanda namba moja niipeleke maabara. Nilishangaa kidogo, kazi ile mhudumu yeyote angeifanya, lakini wewe ungekataa kwa nani? Nilikimbia. Maabara iko ng'ambo ya uwanja, na dirishani kulikuwa na foleni. Niliweka chupa na kugeuka mbio. Sikuzidi dakika kumi na tano.

Niliporudi, mbele ya namba tatu ubao ulikuwa umefutwa. Ilibaki alama ya buluu ya kitambaa, na juu yake herufi mbili ambazo hazikuwa zangu. Rafiki yangu mgeni alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, aproni mpaka magotini, glavu mpaka kwenye viwiko. Wenzake wawili walikuwa pembeni, mmoja simu mkononi. Yule mama wa Nduruma amelala chali, macho yapo mlangoni. Aliponiona alisema kitu kimoja tu kwa Kimaa, aliniuliza hawa ni nani.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anapanga mikasi kwenye sinia, na aliendelea kuipanga.

"Simama kichwani," aliniambia. "Umtafsirie."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisimama kichwani. Ningeweza kusema Mama, ni wangu huyu. Ningeweza kutoka nje. Lakini miaka miwili nilikuwa nimekula kwake, nimelala kwake, na mwili wangu ulishazoea kumtii kabla ya akili kuulizwa. Nikaenda kichwani. Nikamwambia yule mama kwamba hawa ni wageni, ni marafiki, asiogope. Nilimwambia hivyo kwa sauti yangu ileile ya asubuhi.

Mgeni alimpima. Akakunja uso, akahesabu, akasema kumi, njia imekamilika, mama asukume. Alisema kwa Kiingereza, akanitazama mimi.

Nikamwambia Mama kwa Kiswahili kwamba robo saa iliyopita ilikuwa nane. Mama alitakiwa kuvaa glavu apime mwenyewe, ilikuwa kazi ya nusu dakika. Hakuvaa. Nadhani hakutaka kumwaibisha mgeni mbele ya wenzake, au hakutaka kujua. Alisema neno moja.

"Tafsiri."

Nikainama sikioni mwa yule mama nikamwambia sukuma.

Alisukuma. Alisukuma kwa sababu nilikuwa nimemwambia asisukume mpaka niseme, na sasa nimesema. Alisukuma karibu saa nzima, na mgeni anapiga makofi ya kumtia moyo, na mimi natafsiri makofi. Mara mbili nilimwambia Mama kwamba bado, mara mbili akanijibu kwa macho. Mtoto alitoka mzima, wa kike, akalia papo hapo, na kwa hilo namshukuru Mungu bila kinyongo. Lakini mama alikuwa amechanika kwa nje na kwa ndani, damu ikaanza kutiririka kwenye ule mpira aliokuja nao kwenye beseni. Hapo Mama akawa mkunga tena. Alivaa glavu, akawatoa wale wawili nje, akaomba taa, akashona. Kushona kulichukua muda mrefu kuliko kusukuma kwenyewe. Ganzi ilikuwa haijashika vizuri. Yule mama hakutoa sauti, kama mama yake. Alikuwa ananitazama mimi tu, usoni, moja kwa moja, na mkono wake ulikuwa umeuachia mkono wangu.

Rafiki yangu alinikumbatia mlangoni, analia kwa furaha. Alisema hataisahau siku hii maisha yake yote. Nikamwambia hata mimi.

Jioni ile nilimkuta Mama kwenye chumba cha chai, amevua viatu, miguu juu ya stuli. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, lakini nilipofungua mdomo nikasema tu Mama, kwa nini. Alikunywa chai kwanza. Akasema msichana wa watu anaondoka kesho kutwa, amekuja kutoka mbali, hospitali inawahitaji watu hawa, mimi niko hapa na watoto wanazaliwa kila siku. Nikamwambia logibuku ni Jumatatu. Akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Lete hiyo logibuku."

Aliandika kila kitu mwenyewe kwenye mstari wa ishirini: tarehe, namba ya mama, kilo tatu na gramu mia moja. Kwenye safu ya aliyezalisha akaandika jina langu. Akasaini, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Mwanamke yuleyule aliyechana ukurasa wa kijana wa watu. Akasema nilikuwa na yule mama tangu asubuhi, kazi ni yangu, na rejista ya wodi ataiandika vivyo hivyo ili isigombane na logibuku.

Nikaipokea. Sitajitetea. Ningekuwa jasiri ningeuchana ukurasa mwenyewe na kwenda kukaa nyuma ya darasa na yule dada wa kumi na nane. Niliipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa, na nikasema asante Mama.

Jumamosi palikuwa na chakula cha kumuaga mgeni pale nyumbani Sekei. Mimi ndiye niliyepika ndizi na nyama, tangu asubuhi niko jikoni, maana hasira yangu siku zote huishia kwenye kumenya. Binti wa Mama alikuwa anacheka sana siku ile, amevaa gauni jipya. Baada ya kula mgeni akatoa bahasha kwenye mkoba, akampa binti kwa furaha. Ilikuwa barua ya kumpendekeza kwenye chuo cha kwao. Baba yake mgeni, kumbe, alikuwa mwalimu pale pale chuoni, na ameisaini yeye. Mama alifumba macho akashukuru kwa sala fupi. Nikapiga hesabu za siku. Barua, mgeni alisema, ilikuwa imeombwa wiki mbili nyuma, siku alipokuja kunywa chai. Walipatana hapo hapo sebuleni, na siku hiyo pia nilikuwa jikoni.

Nilimsindikiza mgeni mpaka barabarani kama desturi. Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha darasani, kama alijua yule mama wa jana alikuwa wa nani.

Alisimama. "Mama aliniambia wewe umeshamaliza ishirini," alisema. "Aliniambia wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia anipe mimi. Kama zawadi."

Alikuwa amenishukuru jana kwa kunikumbatia, na mimi sikujua nashukuriwa nini. Nikasema ndiyo, ilikuwa zawadi. Nisingeweza kumwambia kitu kingine akapanda ndege nacho. Na bado simsamehe kabisa, maana kusema kumi alisema yeye, na kwao asingethubutu.

Nilihama Sekei wiki iliyofuata, nikasingizia bibi anaumwa. Mama hakuuliza. Binti alisafiri mwezi wa tisa. Mtihani nilifaulu, nikapata kazi kwenye kituo cha afya nje ya mji. Mama nakutana naye hadi leo kanisani na kwenye semina. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu, ananiuliza habari za bibi. Sura yake haina wasiwasi wowote. Kwa muda mrefu nilidhani hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba yeye alishasahau. Nilikosea.

Kabla ya kuajiriwa, nikisubiri matokeo, nilijitolea kwenye kliniki ya kutembelea vijiji. Tulikwenda Nduruma, tukaweka meza chini ya baraza la ofisi ya kijiji, mizani ya watoto tukaining'iniza kwenye boriti. Foleni ilikuwa ndefu, vumbi tupu. Nilikuwa nachoma chanjo na kuandika kadi, kichwa chini, kadi inayofuata, kadi inayofuata. Mbele yangu ikawekwa kadi, nikaona tarehe ya kuzaliwa, ile Ijumaa.

Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Mtoto alikuwa mzuri, mashavu, kope ndefu, amelala na kidole mdomoni. Nikasema takwenya, akasema iko. Nikamuuliza anaendeleaje, akasema wanaendelea. Nikamuuliza mshono. Akasema kukaa anakaa upande mmoja, na kisimani anakwenda, ila ndoo kubwa hawezi tena. Mume alitaka kwenda hospitali kulalamika juu ya yule mzungu.

"Nilimkataza," alisema. "Yule simjui, wala sikusikia alichosema. Niliyemsikia ni wewe."

Nikavuta dawa kwenye sindano. Nyuma yake foleni ilikuwa inasogea, mtoto wa mtu analia. Akaisukuma kadi karibu yangu, akaweka kidole kwenye mistari iliyoandikwa kwa wino wa buluu. Akasema kusoma hajui, na kwao watu wamemuuliza sana, kwa hiyo nimsomee: hapa wameandika ni nani aliyemzalisha mtoto huyu?

Ulikuwa mwandiko wa Mama. Aliandika na kadi pia, ili isigombane na rejista.

Ningeweza kusoma jina lolote. Nilisoma lililoandikwa, jina langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa anachokijua.

"Basi wamesema kweli," alisema, akamfunua mtoto paja.

Nikamchoma. Mtoto akaamka, akalia, mama yake akamweka begani na kuondoka kwa mwendo wa kuegemea upande mmoja. Nikaandika tarehe ya chanjo kwenye nakala yangu, nikanyoosha mkono kwa kadi inayofuata.